Kwa Nini Waliniita Mama Umeme

Watu kumi na mmoja walijua kwamba naacha kupumua nikiwa usingizini kabla mimi mwenyewe sijajua. Nimewahesabu, watoto wadogo sijawatia. Wa kwanza alijua miaka tisa kabla yangu, naye ni mume wangu.

Naandika haya sasa kwa sababu kipindi kibaya zaidi kimepita. Namwandikia yule anayeamka kila asubuhi amechoka kuliko alivyolala. Namwandikia pia yule anayelala karibu naye, na huyo ndiye hasa ninayetaka asome mpaka mwisho.

Nina duka la vifaa vya cherehani Kariakoo: zipu, vifungo, nyuzi, lastiki, sindano, kanvasi za kola. Ukisimama katikati na kunyoosha mikono unagusa kuta zote mbili. Vifungo nimevipanga kwenye madroo kwa rangi, kisha kwa idadi ya matundu. Fundi akiniletea kipande cha kitambaa, uzi wake naupata bila kutoka nje kuulinganisha juani. Najua mteja aliyekuja kununua na aliyekuja kupoteza muda kabla hajafungua mdomo. Nasema haya ili ieleweke kwamba mimi si mtu wa kupitwa na mambo. Na bado jambo lililotokea kila siku, mwilini mwangu, kwenye kitanda changu, lilinipita. Hakuna anayeweza kuwa shahidi wa usingizi wake mwenyewe. Habari zangu ilibidi nizikusanye kwa watu, mmoja mmoja.

Juu ya mlango wa duka palikuwa na maandishi mekundu: MAMA UMEME. Jina hilo nilipewa na mawifi zangu kwenye msiba wa mama mkwe, Buguruni, na nilidhani nimelipata kwa kazi. Siku tatu nilisimamia masufuria bila kukaa. Nilipowasikia wananiita hivyo, nilifurahi kiasi kwamba nilimtafuta mchora mabango.

Tuanze na uchovu. Nilikuwa na miaka arobaini na mitano, sita hivi. Naamka kichwa kizito, mdomo umekauka kama nimekula majivu, na usiku msalani nimekwenda mara nne. Dukani nalala nimeegemea madroo. Nafumbua macho, fundi amesimama mbele yangu, anasema kwa sauti ya chini, "Mama, uzi mweusi nimeshachukua mwenyewe." Kila niliyemlalamikia alinijibu kwamba ni umri, ni ukubwa unaingia. Nilinenepa pia, na zaidi ya pote nilinenepa shingo. Nilijipima kwa tepu ya dukani, nikaona kola yangu imepanda namba mbili kwa mwaka mmoja. Majirani walinipongeza. "Umenawiri, Mama Nasra! Baba Nasra anajua kutunza."

Presha ilipanda. Nikapewa kidonge kimoja, kikawa viwili, vikawa vitatu, na presha ikabaki pale pale. Kliniki yangu ilikuwa Jumatano. Muuguzi alinitazama juu ya miwani yake.

"Mama, dawa hunywi."

"Nakunywa."

"Ungekuwa unakunywa, presha isingekuwa hivi."

Jumatano iliyofuata nilimletea pakiti tupu za miezi mitano ndani ya mfuko, nimezipanga kwa mwezi. Alizipekua, akazirudisha. "Basi ni chumvi," akasema. Tukaacha chumvi nyumba nzima. Baba Nasra, ambaye ni fundi wa majokofu na hupenda samaki wake wenye chumvi ya kuonekana, alikula mchuzi wa maji mwaka mzima bila kulalamika. Jambo hilo niliwasimulia watu kama mfano wa mapenzi.

Ramadhani ya mwaka ule nililala kwenye futari, kikombe cha uji mkononi. Nilipozinduka kikombe kilikuwa mezani na familia nzima inakula tende kwa makini, kila mtu anatazama sahani yake. Sasa najua kikombe alikitoa mkononi mwangu nani, na najua wote wale walikuwa wanakwepa kutazamana.

Masika yalipoanza, moyo ukafuata. Tunakaa ghorofa ya tatu Mchafukoge. Nilikuwa nimefika ya pili, na kifuani pakaanza kupapatika kama kuku ndani ya tenga: anatulia, anarusha mabawa, anatulia. Nilikaa kwenye ngazi na mfuko wa nyanya miguuni. Siku zilizofuata nyayo zilivimba, na jioni mkanda wa kandambili uliniachia mfereji ambao ulikuwepo mpaka nakwenda kulala. Nilipewa rufaa kwenda kwa daktari wa moyo. Hospitali yake iko ng'ambo ya bonde la Jangwani, na wiki ya miadi yangu Jangwani palikuwa maji matupu, barabara imefungwa. Miadi ikasogezwa wiki tatu. Wiki tatu hizo nilipanda ngazi kwa vituo, kama basi.

Chumba cha kusubiri cha wagonjwa wa moyo kina utulivu wake. Watu hawapigi soga ndefu, pumzi haziwatoshi. Wanaulizana tu, "Wewe umeanza lini?" kisha kila mtu anarudi kwenye miguu yake. Nilikaa benchi la tatu kati ya mama mmoja aliyebeba faili kwenye kanga na mzee mwenye kofia ya kufuma. Nakumbuka nilisoma tangazo la kunawa mikono. Kinachofuata ninachokumbuka ni nyuso: benchi zima linaniangalia.

"Mama," mzee akasema, "ahsante. Palikuwa kimya mno humu."

Wakacheka, na mimi nikacheka kwa sababu sikuelewa. Muuguzi wa pale, binti mdogo kuliko mwanangu, hakucheka. Alikuja akachuchumaa mbele yangu.

"Shikamoo mama. Umelala dakika kama kumi. Nilikuwa nakuangalia. Nyumbani huwa unalala hivyo?"

"Hivyo vipi?"

Alinitazama, akatazama benchi, akanitazama tena. "Hakuna aliyewahi kukuambia?"

Huyo ndiye wa kwanza kuniambia, mtu ambaye hata jina langu alikuwa bado hajalisoma kwenye faili.

Daktari naye alikuwa mwanamke kijana. Alinifunga nyaya kifuani, akatoa karatasi ndefu yenye vilima visivyolingana. "Umeme wa moyo wako una hitilafu, mama," akasema. Nikamwambia dukani wananiita Mama Umeme. Akatabasamu kwa adabu, kisha akauliza nani analala na mimi. Nikamtajia. Akaomba namba, akapiga, akaweka simu mezani sauti ikiwa wazi.

"Shikamoo baba. Mimi daktari, niko na mama hapa. Nina swali moja tu. Akilala anakuwaje?"

Nyuma ya sauti ya mume wangu nilisikia nyundo ikigonga bati. Alikuwa karakana, Buguruni.

"Anakoroma," akasema.

"Halafu?"

"Halafu ananyamaza."

"Ananyamaza, hapumui?"

"Hapumui. Nahesabu. Mara nyingine inafika ishirini na tano. Ikikaribia thelathini namtikisa mguu, anashtuka kama anatoka majini, anaendelea."

"Tangu lini, baba?"

"Tangu Nasra yuko darasa la saba."

Nasra siku ile alikuwa mwaka wa mwisho wa chuo.

Nilitazama mikono yangu juu ya meza ya daktari, nikaona imevimba kwenye pete. Mume wangu ni mtu anayesimama mlangoni mwa nyumba ya mteja, anasikiliza friji bila kuligusa, na anasema kompresa hii haimalizi mwezi. Huyo ndiye aliyenisikiliza miaka tisa.

Jioni alirudi nyumbani na machungwa mawili yaliyomenywa, kwenye mfuko. Nilimwachia akae kwanza.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambiaje? Mwanamke umwambie anakoroma kama…"

"Kama nini?"

"Basi, Mama Nasra."

"Ulipohamia kulala sebuleni ulisema ni joto."

"Na joto lilikuwepo."

"Na ulipohamia sebuleni, mguu wangu alikuwa anautikisa nani?"

Miaka mitatu alikuwa amelala kwenye kochi, mlango wa chumba umefungwa. Aliinama akaanza kuokota mbegu za chungwa kwenye sahani, moja moja, akizipanga ukingoni.

Kesho yake nilianza kuuliza watu. Nilichukua daftari la dukani, nikaandika majina ya kila aliyewahi kulala nyumba moja na mimi. Nasra alilia kwenye simu na kusema alijua, lakini baba alimwambia asinitie aibu. Nikamfuata wifi yangu Tatu, Buguruni. Tatu na mimi tumetaniana miaka ishirini na tano, ameniita mchawi, ameniita kibonge, amenidai mahari ya kaka yake mbele za watu. Nilijua yeye hawezi kunificha kitu.

"Wifi, jina la Mama Umeme mlinipa kwa nini?"

Alikuwa anachambua mchele. Akaacha.

"Nani kakuambia?"

"Hakuna. Nakuuliza wewe."

"Wifi, usininunie lakini."

Msiba wetu unajulikana: wanawake tunalala pamoja kwenye mikeka, sebuleni, mpaka matanga yaanuliwe. Usiku wa kwanza wa msiba ule nililala nao. Nikakoroma, nikanyamaza. Gizani mmoja akasema, "Umeme umekatika." Nikashtuka, nikavuta pumzi, na watoto waliolala nasi wakaitikia kama mtaa mzima unavyoitikia taa zikiwaka: "Umerudiii!" Walicheka mpaka wafiwa wakacheka. Usiku wa pili walinipa chumba cha ndani, kitanda cha marehemu, neti mpya. "Mke wa kaka mkubwa apumzike," walisema. Toka siku hiyo kila msiba, kila harusi, mimi napewa chumba cha ndani. Niliwasimulia wenzangu sokoni jinsi wakwe zangu wanavyoniheshimu.

"Unanitania kila kitu," nilimwambia Tatu. "Hili ndilo ulishindwa?"

"Utani una mpaka, wifi. Mtu unamtania mdomo wake, tumbo lake. Sasa usingizi wake…" Akafuta macho na upande wa kanga. "Na kweli tulikuwa tunaogopa. Tulikuwa tunacheka huku tunaogopa. Shangazi mmoja aliamka akakuwekea mkono puani."

Maandishi ya duka niliyafuta kwa rangi nyeupe wiki ile ile. Wateja bado wananiita hivyo, nami naitika.

Wa kumi na mmoja ni Mama Kirti, jirani wa mlango unaotazamana na wetu, familia ya Kihindi iliyokaa jengo hili tangu kabla sisi hatujahamia. Chumba chake cha kulala na changu vinagawana ukuta. Nilimkuta anamwagilia mrihani wake.

"Mimi nilidhani unajua," alisema. "Nilidhani hutaki sisi tuseme. Mume wangu alikuwa hivi hivi, alikuwa na mashine ya kupumulia. Mimi nimemwambia mzee wako."

"Umemwambia nini?"

"Nimemwambia hapa kwenye ngazi, wakati ule mume wangu bado yuko hai. Nikasema, bwana, mpeleke mama hospitali, huu ni ugonjwa, una dawa yake, iko mashine. Akasema, ahsante mama, nitampeleka."

Hiyo ni miaka minne kabla. Nilihesabu pale pale: kabla ya kidonge cha pili, kabla ya mwaka wa chumvi, kabla ya kuku wa kwenye ngazi. Mpaka hapo nilikuwa nimejiambia kwamba mume wangu aliona jambo asilolielewa, akaogopa kuniumiza. Kumbe aliambiwa kwa Kiswahili kilichonyooka kwamba ni ugonjwa. Ule mchuzi wa maji aliula akijua.

Safari hii sikumsubiri akae.

"Mama Kirti alikuambia."

Alivua kofia. "Alisema mashine," akajibu.

"Na?"

"Mama Nasra, umemwona nani akawekewa mashine akatoka? Mama yangu waliposema wanamwekea mashine, nilikwenda kununua sanda. Baba Kirti nilisaidia kumshusha ngazi hizi hizi, usoni ana alama za ile mikanda. Nikasema, huyu wangu akifika kule watamwekea mashine. Basi. Bora akorome."

Najua watu wengi mtaani wanaamini hivyo, nami nilikuwa mmojawao. Mtu akisema fulani kawekewa mashine, sote tunashusha sauti. Mashine ya hospitali ya wagonjwa mahututi na hii ya kulalia nyumbani ni vitu viwili, lakini neno ni moja, na neno hilo ndilo alilolisikia. Nilimwelewa. Hasira haikupungua.

Nilipimwa kwa kifaa cha kwenda nacho nyumbani: mkanda kifuani, kibanio kidoleni, kimrija puani. Majibu yalisema pumzi inakatika mara thelathini na nane kwa saa. Daktari alinieleza kwa ufupi kwamba kila inapokatika, moyo unapata kazi ya ziada, na wangu ulikuwa umefanya kazi hiyo miaka. Mashine ilipatikana mwanzoni mwa kipupwe. Ni boksi dogo kama redio, mrija, na barakoa ya plastiki laini yenye mikanda ya kuzunguka kichwa. Wiki ya kwanza niliivua kila baada ya saa moja. Nilihisi mtu ananipulizia mdomoni kwa nguvu huku ananikataza kulia. Mama Kirti ndiye aliyenifundisha: uivae mchana kwanza, ukiwa unachambua mboga, mpaka uso uizoee. Kila asubuhi alinikumbusha kwenye ngazi niioshe kwa sabuni ya mche, niianike kivulini, nisiianike juani. Mwaka mzima alikuwa ameiweka ya mumewe kabatini, hakuweza kuitupa.

Asubuhi ya kumi na mbili tangu nianze kuivaa, niliamka kabla ya adhana. Nilikaa kitandani nikitafuta kichwa kinauma wapi. Hakikuuma popote. Kunguru walikuwa wanagombana juu ya paa, na nilisikiliza ugomvi wao mpaka mwisho kwa raha ambayo siwezi kuieleza. Dukani siku ile nilipanga upya droo za vifungo vya mbao, kazi niliyoiahirisha miaka miwili.

Vuli ilipofika nilikuwa nimeshushwa kidonge kimoja cha presha. Miguu ilirudi kuwa na mifupa. Uvimbe wa pete uliisha. Moyo peke yake ndio haukurudi. Bado unapiga ovyo, na nakunywa dawa ya kulainisha damu, kwa hiyo sindano ya dukani ikinichoma kidole natokwa damu muda wa kuuza zipu tatu. Daktari anasema inawezekana kuurudisha kwenye mpangilio kwa mshtuko mdogo wa umeme, nikiwa nimelazwa usingizi. Sharti ni moja: barakoa ivaliwe usiku kucha, kila usiku, mwezi mzima. Bila hivyo moyo utarudi ulikotoka ndani ya siku chache, na nafasi ya kujaribu tena inapungua.

Baba Nasra aliomba arudi chumbani. Nilikubali kwa masharti. Nilimpa daftari, nikamwambia wewe ndiye macho yangu; ukiamka ukaona barakoa imetoka, nivalishe, halafu uandike. Alikubali kwa haraka. Mwandiko wake ni wa fundi, herufi kubwa. Kila asubuhi aliandika tarehe na neno moja: SALAMA. Nilimwona akiandika, nikaanza polepole kumsogelea tena. Siku moja nilimtilia chumvi kwenye samaki wake.

Wiki iliyopita nilipeleka mashine kliniki. Nilikuwa sijui kwamba ina kumbukumbu yake ndani. Daktari aliifungua kwenye kompyuta, akanigeuzia kioo. Kati ya siku thelathini, siku tisa mashine ilizimwa kati ya saa nane na saa tisa usiku, na haikuwashwa tena mpaka jioni iliyofuata.

"Unaamka kwenda msalani, unasahau kuirudisha?" akauliza.

"Sikumbuki."

"Watu wengi huivua usingizini bila kujua, mama. Ni kawaida. Lakini hapa imezimwa kwa kitufe."

Ule mshtuko wa umeme umeahirishwa. Nilirudi nyumbani nikafungua daftari. Siku zote tisa zimeandikwa SALAMA. Nilimwekea daftari na karatasi ya daktari pembeni yake, juu ya meza. Alisoma mwandiko wake kama wa mtu mwingine.

"Nilikuwa nimelala," alisema. "Nilikuwa naandika asubuhi, nakuona mzima."

Inawezekana. Ni mtu wa kazi nzito, na usingizi si kosa. Nimejaribu kukumbuka asubuhi zile tisa. Ninachokumbuka ni kwamba zipo ambazo barakoa niliikuta kwenye meza ya kitanda, si sakafuni, na mikanda yake imekunjwa vizuri. Mimi hukunja vitu vizuri. Yeye pia.